Zamu ya moto: uchambuzi wa kisa cha Lord of the Flies

Katika Lord of the Flies, filamu ya Peter Brook ya mwaka 1963, kazi inayoweza kuwarudisha nyumbani watoto waliokwama kisiwani ni moja tu: moto kileleni na moshi hewani. Vibanda, maji na nyama ni vya kuwafikisha kesho. Wachambuzi wengi huanza na kichwa cha nguruwe kilichochomekwa kwenye mti, wakaishia kwenye uovu wa binadamu. Hapa tunaanza na moto. Ukiufuata tangu siku ulipowashwa hadi siku unapoteketeza kisiwa, unaona mahali hasa mambo yalipoharibika, na unaona kuwa yaliharibika mapema kuliko tunavyokumbuka, wakati kila mtoto bado ana shati mwilini.

Kisa chenyewe

Riwaya iliyozaa filamu ni ya William Golding, Mwingereza, na ilitoka mwaka 1954. Golding alifundisha katika shule ya wavulana ya Bishop Wordsworth's mjini Salisbury, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitumikia jeshi la majini. Darasa la wavulana na vita: ukivijua hivyo viwili, umeshajua kitabu kimetoka wapi.

Vita vimezuka. Wavulana wa Kiingereza wanahamishwa kwa ndege, ndege inaanguka karibu na kisiwa kisicho na watu, na hakuna mtu mzima anayepona. Wakubwa wana miaka kumi na miwili hivi, wadogo miaka sita. Ralph anachaguliwa kuwa kiongozi. Piggy, mnene, mwenye pumu na miwani, ndiye mwenye akili kuliko wote na ndiye asiyesikilizwa. Jack anaongoza kwaya ya shule, ambayo inageuka kikosi cha wawindaji. Simon ni mpole na huzimia ovyo. Roger haongei sana, na ndiye wa kuogopwa. Sam na Eric ni mapacha. Kufikia mwisho Simon na Piggy wameuawa na Ralph anawindwa.

Brook anafungua filamu kwa mfululizo wa picha za mnato: darasa, kriketi, kwaya, kisha ndege za kivita na makombora. Halafu kimya, na mtoto mmoja msituni. Kwa dakika chache hizo anatueleza kwamba sheria ambazo watoto hawa watajaribu kuzijenga upya zilikuwa zimeshavunjwa na watu wazima huko walikotoka.

Jinsi filamu ilivyopigwa ni sehemu ya kisa. Kazi ilifanyika mwaka 1961 huko Vieques, kisiwa cha Puerto Rico, kwa fedha kidogo. Hapakuwa na muswada wa filamu wa kawaida. Kitabu chenyewe ndicho kilichokuwa mwongozo. Mpigapicha mkuu, Tom Hollyman, alikuwa fundi wa picha za mnato na hakuwa amewahi kupiga filamu ndefu. Kamera ya pili alipewa Gerald Feil, akawa huru kuwafuata watoto na kunasa chochote kilichotokea. Zilipigwa saa nyingi mno za filamu, zikachujwa hadi zikabaki dakika tisini hivi. Watoto hawakuwa waigizaji. Hugh Edwards, aliyecheza Piggy, alipatikana kwa barua aliyoandika mwenyewe akisema yeye ni mnene na anavaa miwani.

Faida ya njia hiyo utaiona ukiacha kumtazama anayezungumza, ukawatazama waliokaa nyuma kwenye mikutano. Wanakuna miguu, wanachora mchangani, wananong'ona. Kuna mahali Piggy anawasimulia wadogo jinsi mji wa Camberley ulivyopata jina lake, hadithi ndefu isiyofika popote, na wadogo wanaisikiliza kwa utulivu ambao hatuuoni tena mkutanoni. Mwigizaji aliyefundishwa angeiharibu. Tukio hilo pia linatuonyesha kwamba Piggy ndiye pekee aliyejua kukaa na wadogo, na hakuna aliyempa kazi hiyo rasmi.

Siku ya kwanza

Ralph na Piggy wanaokota kombe kubwa la baharini. Piggy anajua namna ya kulipuliza kama baragumu, Ralph ana pumzi ya kulipuliza, na mlio unawaita walionusurika. Kwaya inatokea ufukweni kwa mstari, majoho na kofia nyeusi juani, wakiimba Kyrie eleison. Kura inapigwa kwa kunyoosha mikono. Jack anadai uongozi kwa kuwa ni kiranja na anaweza kuifikia noti ya juu. Ralph anashinda.

Kinachofuata hupita haraka sana, na ndicho kilichoamua kila kitu. Ili kumpoza Jack, Ralph anamwambia kwaya inabaki yake, achague tu watakuwa nani. Jack anachagua uwindaji. Ralph alifanya hivyo kwa huruma, na mtoto wa miaka kumi na miwili hawezi kulaumiwa kwa huruma. Lakini tazama alichokitoa. Katika kundi ambalo wengi hawafahamiani, kwaya ndiyo kikosi pekee kilichokuja kikiwa na sare, kiongozi na mazoea ya kutii. Jack ana kisu. Sasa amepewa kazi inayoleta nyama, chakula ambacho kila mtu atakitamani baada ya siku chache za matunda na kuharisha. Ralph alibaki na cheo na baragumu. Jack alibaki na watu.

Kwaya ilipaswa kuvunjwa siku ileile kwa upole: wawili vibandani, wawili kwenye maji, wawili motoni, wengine kwenye uwindaji pamoja na wasio wanakwaya, na Jack awe mkuu wa uwindaji kama kazi, asiwe mkuu wa watu fulani. Siku ya kwanza jambo hilo linawezekana kwa sababu wote wana hofu na wanataka kuambiwa la kufanya. Baada ya nguruwe wa kwanza kuuawa, haliwezekani tena.

La pili lililokosekana siku hiyo ni hesabu. Piggy anaanza kuuliza majina, anaachwa katikati wenzake wakikimbilia mlimani. Katika riwaya moto wa kwanza unashika msitu, na mtoto mdogo mwenye alama usoni haonekani tena. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika nani amepungua, kwa sababu hakuna aliyejua walikuwa wangapi. Hesabu ya aina hii haihitaji karatasi. Kila mkubwa anapewa wadogo watatu anaowajua kwa sura na jina, anawahesabu asubuhi na jua likizama, kisha anakuja mbele ya kiongozi na kusema wapo. Golding anaacha kifo hicho bila mazishi na bila kutajwa sawasawa, na kila anayejua kusoma anahisi kundi limeanza kuoza hapo.

Miwani, kuni, na hesabu ya zamu

Moto unawashwa kwa miwani ya Piggy. Golding anasema wazi kwamba Piggy haoni mbali, na hapo pana kosa la fizikia ambalo limejadiliwa miaka mingi. Miwani ya asiyeona mbali ina lenzi iliyobonyea katikati. Hutawanya miale ya jua, na haiwezi kuikusanya mahali pamoja hata uishike vipi. Inayowasha moto ni lenzi iliyobinuka katikati, ile ya asiyeona karibu. Chukua lenzi ya nguvu +3 kwa kipimo cha miwani. Miale hukutana sentimita 33 nyuma yake, na doa la jua huwa na upana wa milimita 3 hivi. Kama lenzi ina upana wa sentimita 4, mwanga wa eneo lake lote umebanwa ndani ya doa hilo, ukali wa zaidi ya mara 150 ya jua la kawaida. Makumbi makavu yaliyochambuliwa vizuri yanaanza kufuka mkono ukitulia. Ukichukua lenzi ya +1, doa linapanuka hadi karibu sentimita moja, ukali unashuka chini ya mara 20, na utashika miwani hadi mkono uchoke.

Kosa hilo haliiharibu filamu. Lenye uzito kwa uchambuzi ni kwamba miwani, hata ikiwa ya aina sahihi, hufanya kazi mchana na mbingu ikiwa wazi. Jua likizama, au mvua ikija, aliyeacha moto uzime hana njia ya kuurudisha. Kundi zima linategemea vioo viwili vilivyo usoni mwa mtoto mmoja anayepigwa na kutaniwa, na kimoja kinavunjika mapema. Kwa hiyo kazi halisi ni kutunza makaa: gogo nene lisilokauka sana, lifukiwe majivu usiku, lifukuliwe alfajiri. Hakuna anayefanya hivyo. Kila mara wanarudi kwa Piggy kuomba miwani.

Moto wa kwanza wanaukoka kwa kuni zilizooza na kukauka. Unaruka juu, unapendeza, na unaisha kabla hawajamaliza kushangilia. Tena hautoi moshi. Kuni kavu hutoa miali, na baharini mchana miali haionekani. Moshi mzito hutoka kwenye majani mabichi yanayotupwa juu ya makaa mengi. Wanalijua hilo baadaye. Tena ulikokwa bila kusafishiwa uwanja pembeni, ndiyo maana ulishika msitu. Hatua mbili za kujikinga ziko wazi: futa majani na mizizi hadi udongo uonekane, na weka rundo la majani mabichi upande unaotoka upepo, tayari kwa siku chombo kitakapoonekana.

Sasa zamu. Katika riwaya Jack anajitolea mwenyewe: wawindaji wataulinda moto, sauti ya pili wiki hii, sauti ya kwanza wiki ijayo. Inasikika kama mpango mzuri, na Ralph anashukuru. Ukiukagua, una mashimo manne. Walinzi wote wanatoka kikosi kimoja, chenye kazi nyingine wanayoipenda zaidi. Zamu ni ya wiki nzima, na hakuna mtoto anayeweza kukaa wiki akitazama moshi. Msimamizi wa zamu ndiye huyohuyo anayehitaji watu wa kuwinda, kwa hiyo siku akipungukiwa atachukua wa motoni, kwani hao ndio walio chini yake. Na hakuna mtu mwingine anayepanda mlimani kukagua.

Watu wanaohitajika si wengi. Weka wawili wawili, zamu tatu za saa nane: sita kwa siku. Hata kama wakubwa wanaoweza kazi hiyo ni kumi na wanane tu, kila mmoja anapata siku mbili za mapumziko baada ya siku moja ya zamu. Wawili ni muhimu kuliko urefu wa zamu: mmoja akienda kutafuta kuni mwingine anabaki, na usiku mmoja akilala mwingine anaamka. Wawili hao watoke makundi tofauti, mwanakwaya na asiye mwanakwaya, ili asiwepo mtu mmoja anayeweza kuwaita wote waondoke kwa neno moja.

Meli inapita

Siku ile Jack anapanga kumzingira nguruwe. Kuzingira kunahitaji watu wengi, anapungukiwa, anawachukua walinzi. Katika riwaya ni moshi wa meli unaoonekana kwenye upeo wa macho. Ralph anakimbia hadi kileleni na kukuta majivu baridi. Wawindaji wanarudi wakiimba, nguruwe amening'inia kwenye mti mabegani, nyuso zimepakwa rangi.

Ugomvi unaofuata unafaa kutazamwa mara mbili. Ralph anasema moto umezimika. Jack anaeleza kwamba waliwahitaji wote, na anasema kweli: bila wale nguruwe asingepatikana. Piggy anaongeza lawama, Jack anampiga, kioo cha miwani kinavunjika. Kisha Jack anaomba radhi kwa ajili ya moto, kwa sauti, mbele ya watu, na wawindaji wanamwona mwungwana. Baada ya hapo wanachoma nyama na kula, Ralph akiwemo.

Hakuna utaratibu uliobadilika. Zamu ilibaki kwa watu walewale, chini ya mtu yuleyule. Ralph alikuwa na hoja nzito kuliko siku nyingine yoyote: kila mtoto pale alijua kwamba leo wangekuwa njiani kwenda nyumbani. Kama angesema papo hapo kwamba kuanzia leo walinzi wa moto hawako chini ya Jack, Jack angekosa la kujibu, kwa kuwa ameshaomba radhi. Nafasi ilipita ndani ya dakika chache, na nyama ikaifunika.

Mkutano wa jioni

Ralph anaitisha mkutano kurekebisha mambo. Katika riwaya ajenda yake ni ya mtu makini: vifuu vya maji vinakaa vitupu, kibanda cha kwanza kilijengwa na wote, cha pili na wachache, cha tatu na yeye na Simon, watu wanajisaidia karibu na wanapolala badala ya kwenye miamba iliyotengwa, moto hauna mtu. Yote ni kweli. Lakini aliuitisha jua linapozama, watu wamechoka, na baada ya hayo akafungua mjadala wa hofu ya wadogo huku giza likiingia. Mtoto mmoja anasema mnyama anatoka baharini. Baada ya muda Ralph anapigisha kura: nani anaamini kuna mizimu? Mikono inanyooshwa gizani, na hata kuihesabu ni shida.

Baadaye hofu ya mnyama inahamia mlimani. Swali la kama kuna kitu huko halijibiwi kwa kura. Linajibiwa kwa kupanda mchana, watu wanne au watano, kila mmoja akarudi kueleza alichokiona kabla hawajazungumza wenyewe kwa wenyewe. Baadaye Ralph, Jack na Roger wanapanda kweli, lakini wanafika usiku, wanaona umbo linaloinuka na kuinama, wanakimbia. Lilikuwa rubani aliyekufa, parachuti yake ikivutwa na upepo. Kupanda asubuhi kungetosha.

Kingine: baragumu lilimpa mtoto haki ya kusema, halikumlazimisha yeyote kufanya alichokubali. Wanakubaliana kila mkutano. Mwisho wa makubaliano hakuna jina la mtu wala muda wa kumaliza. Piggy analishika baragumu hadi anakufa akiwa nalo mkononi, akiamini lina nguvu yake lenyewe, na pale Hugh Edwards anapopaza sauti juu ya mwamba wa Castle Rock, ngome ya Jack, unamwona mtoto anayeomba kitu cha haki kabisa. Ukweli wake hauwezi kuzuia jiwe analolisukuma Roger.

Mikono iliyobaki chini

Jack anajaribu kumwondoa Ralph kwa kura. Hakuna anayenyoosha mkono. Anaondoka akilia, anasema hachezi tena nao. Ralph anaamini ameshinda, kumbe jioni hiyo wakubwa wanaanza kumfuata Jack mmoja mmoja, kimyakimya.

Mbele ya watu walimwunga mkono Ralph kwa aibu na kwa mazoea. Gizani wakachagua nyama na ulinzi. Kwa Jack unakula leo, na mnyama anatolewa sadaka ya kichwa cha nguruwe ili asikudhuru. Kwa Ralph unaambiwa panda mlimani, mahali alipo mnyama, ukachome majani. Kufikia hapo kazi ya moto na hofu ya mnyama zimekuwa mahali pamoja, na Ralph hakuwa na jibu. Piggy ndiye aliyelipata: teremsheni moto ufukweni. Ni wazo la maana kuliko yote yaliyosemwa kisiwani. Lilikuja watu wakiwa wameshaanza kuondoka.

Kifo cha Simon kinasomwa mara nyingi kama wazimu wa ghafla. Angalia dakika zinazotangulia katika riwaya. Mvua inakaribia, na Ralph anamuuliza Jack swali zuri: vibanda vyenu viko wapi? Jack hana hata kimoja. Anachofanya ni kuamuru ngoma ianze. Watoto waliotishwa na radi wanajibana kwenye duara, wimbo unashika kasi, na Simon anatokea gizani akiwa na habari ambayo ingemaliza hofu yote: mnyama ni maiti ya rubani. Brook anapiga tukio hilo kwa mwanga wa mienge, miili inakatiza mbele ya kamera, na huwezi kujua mkono ni wa nani. Ralph na Piggy walikuwepo. Asubuhi Piggy anatafuta maneno ya kulifanya liwe ajali. Mandhari yanayofuata, mwili ukichukuliwa taratibu na maji, ni mazuri kuliko yote aliyopiga Brook, na yanatuacha na uzito wa kitu ambacho hakuna aliyekiamua na wote walikifanya.

Jack anapovamia usiku baadaye, Piggy anadhani wamefuata baragumu. Wamechukua miwani. Jack alikuwa ameelewa kilicho na thamani. Upande wa Ralph sasa wamebaki wakubwa wanne, yeye, Piggy na mapacha, na wanne hawatoshi: zamu za wawili zingekuwa saa kumi na mbili kila siku bila kupumzika, na bado kuna kuni, maji na chakula. Tayari walikuwa wanauacha uzime usiku.

Na mwisho, moto mkubwa kuliko yote unawashwa na Jack ili kumtoa Ralph mafichoni. Moshi wake ndio unaoleta jeshi la majini. Ralph anaangukia viatu vyeupe vya afisa.

Kisa cha kweli cha Tonga

Mwaka 1965 wavulana sita wa shule moja ya bweni ya Nuku'alofa, Tonga, walichukua mashua ya mvuvi bila ruhusa, wakapigwa na dhoruba, wakaelea siku nane hadi 'Ata, kisiwa kidogo cha miamba kusini mwa Tongatapu. Hapakuwa na watu tangu karne ya 19, wenyeji walipohamishwa baada ya uvamizi wa wafanyabiashara ya watumwa. Walikaa zaidi ya mwaka mmoja. Septemba 1966 nahodha Mwaustralia Peter Warner alipita, akaona mabaka yaliyoungua kwenye majabali, akasogea.

Walikuwa hai wote sita. Walipekecha vijiti hadi wakapata moto, na hawakuuacha uzime. Waligawana kazi wawili wawili: bustani, jikoni, ulinzi. Walichimba magogo kukinga maji ya mvua, wakala ndizi, magimbi na kuku waliozaliana tangu wakati wa wenyeji wa zamani. Wakigombana, wagomvi walitenganishwa hadi hasira ipoe, kisha wakaombana radhi. Mmoja alivunjika mguu akianguka. Wakaufunga kwa vijiti na majani, wakamfanyia kazi zake, ukaunga. Siku ilianza na kuisha kwa wimbo na sala.

Wapo wanaotumia kisa hiki kusema Golding alidanganya. Hatukubaliani nao moja kwa moja. Hao walikuwa sita, wakubwa kidogo kuliko wa filamuni, marafiki kabla ya safari, watoto wa visiwani waliojua bahari na bustani, na hapakuwa na wadogo wa kuwabeba. Hapakuwa pia na kikosi kilichokuja na mkuu wake. Lakini zamu ya wawili wawili, moto usiozimika, na utaratibu wa kumaliza ugomvi kabla haujawa uhasama ni vitu vitatu vilivyokosekana kwa Ralph, na wale wa 'Ata walivipata bila mtu mzima kuwafundisha.

Brook mwenyewe alikuwa na msimamo mkali kuliko Golding. Baada ya miezi ya kuishi na watoto wale Vieques aliandika kwamba kisichokuwa kweli katika kisa ni muda tu: watu wazima wakiondoka kabisa, maafa yangekamilika ndani ya mapumziko marefu ya mwisho wa wiki. Tunaiheshimu kauli hiyo kwa sababu aliwaona watoto kwa karibu. Lakini watoto aliowaona walikuwa wametolewa nyumbani kuja kuigiza kisa hikihiki, siku nzima wamepakwa rangi na kushika mikuki, huku watu wazima wakiwapikia na kuwapangia kila saa. Hawakuwahi kupewa moto wa kutunza.

Kwa anayeionyesha filamu hii darasani au kwenye klabu, igawe mara mbili, dakika arobaini na tano kila kipindi, na usiwape watoto wa chini ya miaka kumi na mitatu. Kabla ya kuanza, mpe kila mtazamaji jina moja la kufuatilia, na wawili wapewe Roger, kwa maana huponyoka machoni hadi umechelewa. Simamisha baada ya ugomvi wa kwanza wa moto, wakati nyama inaanza kuchomwa, kabla hawajajua mwisho. Waulize nani ana zamu kesho asubuhi, nani atapanda kukagua, na nini kitatokea asipofika. Wape dakika ishirini wapange zamu ya siku tatu kwa majina waliyoyaona, wakiwemo Piggy na wadogo, kisha endelea na filamu.